7 na 7.0 kwenye kache: kosa lililonipotezea siku mbili

Kila jaribio nikiliendesha peke yake, linapita. Nikiyaendesha yote pamoja, moja linaanguka, na leo si lile la jana.

Nilikuwa naandika klasi ya Python ya hesabu za moduli. Kuunda pete ya moduli 7 (mfumo wa namba 0 hadi 6, ukifika 7 unarudi 0) mara mia ni upuuzi, basi nikaweka kache, yaani kamusi ya Python inayotunza kilichokwisha kuundwa: ufunguo ni n, thamani ni pete yenyewe. Ukiiomba tena unapewa ile ile, na kabla ya kujumlisha namba mbili unahakikisha kwa `is` (inayouliza kama ni kitu kile kile, si thamani sawa tu) kwamba zimetoka pete moja.

Sasa, mahali fulani nilikuwa nimepitisha 14/2. Kwa Python hiyo ni 7.0, si 7. Kamusi nayo hutafuta ufunguo kwa kutazama hash (namba inayokokotolewa kutoka kwenye ufunguo) kisha `==`, na kwa vyote viwili 7 na 7.0 ni sawa. Aliyewahi ndiye anayekaa: pete ya 7.0 ikiingia kwanza, kila aombaye 7 anapewa hiyo. Masalio yakawa 3.0 badala ya 3, nami sikushtuka kwa sababu `3.0 == 3`. Ni `pow(3, -1, n)`, inayotafuta kinyume cha 3 kwa moduli n, iliyogoma, maana ikipewa vitu vitatu inataka vyote viwe namba kamili. Na hapo nilikuwa mbali kabisa na ile 14/2.

Kwa hiyo safisha ufunguo kabla ya kuugusa. `operator.index(n)` inaikataa 7.0 mlangoni. Wapo watakaokushauri `lru_cache(typed=True)`, kache ya Python yenyewe inayotenganisha 7 na 7.0; mimi siipendi hapa, kwani inakuachia pete mbili za 7 zisizotambuana.

SageMath, programu huria ya hisabati, wamelitengea jambo hili klasi nzima, `UniqueRepresentation`: kache yenye marejeo dhaifu (hayazuii kitu kisichotumika kufutwa kwenye kumbukumbu), usawa ni kuwa kitu kile kile, na usafishaji hufanyika ndani ya `__classcall_private__`, mathalani kugeuza orodha kuwa tapo (tuple).

Ila `is` iishie kwenye pete. Kwa namba zenyewe tumia `==`. CPython, yaani Python ya kawaida, kwa matoleo mengi hutumia kitu kimoja kwa kila namba kamili ya -5 hadi 256, kwa hiyo `is` itakudanganya vizuri tu mpaka siku utakapokokotoa 257.

Pickle, njia ya Python ya kuhifadhi vitu kwenye faili, nayo iangalie: pete ikirudi kutoka kwenye faili huwa nakala mpya isiyopitia kache. Andika `__reduce__` inayoita upya ile funksheni yako ya kuunda pete.