Jibu: Pigmenti badala ya rangi za batiki, inawezekana?

Dada wa Mwanga ameuliza kama anaweza kuachana na kostiki soda na haidro, dawa kali za kuyeyushia rangi ya batiki, apake pigmenti kwenye vitambaa vya meza anavyouza. Hana pa kumwaga maji machafu na ana watoto wadogo nyumbani. Waliotangulia wamemjibu "rangi ni rangi tu". Mimi nipo Ujiji, natumia zote mbili, na hapo sikubaliani nao.

Rangi ya kostiki huingia ndani ya uzi wa pamba ikiwa imeyeyuka. Ikikutana na hewa inaacha kuyeyuka na kunasa humohumo, ndiyo maana kitambaa hubadilika rangi mikononi mwako mara tu ukikitoa kwenye beseni. Pigmenti haiyeyuki kabisa. Ni unga laini unaokaa juu ya uzi, na kinachoushikilia ni bainda, yaani gundi yake. Basi dada, ukifika dukani ulizia bainda kwanza, uzuri wa rangi baadaye.

Kosa la wengi ni kuongeza unga ili rangi ikolee. Vijiko 20 vya bainda kwa kijiko 1 cha pigmenti vinatosha. Ukizidisha, gundi inazidiwa, na mteja akifuta meza kwa kitambaa chenye maji rangi inahamia huko.

Kitambaa kipya kifue kwa maji ya moto na sabuni, wanga wa kiwandani utoke. Paka, anika kivulini hadi kesho yake, kisha pasi. Kiwandani hutumia joto la nyuzi 150 kwa dakika kama 5. Nyumbani weka pasi kwenye moto wa pamba, bila maji, upande wa nyuma, urudierudie kila sehemu kwa dakika kadhaa. Pasi ya mkaa inafaa pia, ila angalia majivu, yakidondoka kwenye nyeupe utalia.

Kasheshe ipo kwenye nta, ile tunayochorea batiki ili rangi isiingie pale ilipo. Nta ya nyuki tunayoletewa kutoka Tabora huyeyuka kwenye nyuzi 62 hivi, kwa hiyo pasi itaisambaza kitambaa kizima. Ukiichemsha itoke kabla ya pasi, rangi nayo bado haijashika. Badala ya nta tumia uji wa muhogo. Wayoruba wa Nigeria huchorea adire, vitambaa vyao vya maua, kwa huo, na unga wa muhogo Kigoma si wa kutafuta. Upike mzito, chora, anika hadi ukauke kabisa. Pigmenti ipake kwa brashi ikiwa nzito, usichovye, maana maji mengi yanalainisha uji. Piga pasi kwa nyuma, ndipo uloweke na kuukwangua.

Ukitaka rangi ya bure, huu udongo wetu mwekundu ni pigmenti tosha. Wekundu wake ni wa kutu ya chuma, na jua haliupaushi. Koroga kwenye ndoo, subiri kidogo mchanga uzame, mimina yale maji mekundu ya juu kwenye chombo kingine. Yaache yatulie, mwaga maji, kausha tope lililobaki, lisage, lichekeche. Wajapani hushikisha rangi za namna hii kwa maziwa ya soya: loweka soya usiku, saga, chuja, changanya, paka. Yatumie siku hiyohiyo, yanachacha upesi. Kitambaa kikae wiki kadhaa bila kufuliwa.

Pigmenti inashika hata tetroni, ambayo kostiki haiiwezi, na nyeupe yake inaonekana juu ya kitambaa cheusi. Lakini ukiijaza kitambaa kizima kinakakamaa kama turubai. Vitambaa vya meza vyenye maua ya kugonga muhuri, endelea nayo. Shuka na gauni la rangi moja, bado nakurudisha kwenye kostiki: vaa glavu, tia kostiki kwenye maji na kamwe usimimine maji juu ya kostiki, na kazi hiyo ifanye watoto wakiwa shule.