Mchungaji ni mdogo kwangu, mbona anipangie nyumba?

Shangazi, nina miaka 41, naishi Mikindani, Mombasa, na kazi yangu ni bandarini Kilindini. Mke wangu alinipeleka kwa mchungaji tusuluhishwe. Nikaambiwa nile chakula cha jioni nyumbani siku 30, nimwonyeshe mke karatasi ya mshahara, na tusilale bila kuomba pamoja. Kijana huyo nimemzidi miaka 9, na masomo pia nimemzidi. Mke wangu naye kila aambiwalo kanisani hufuata kama mtoto mdogo. Mimi huchelewa kwa foleni ya feri tu. Na baada ya Shakahola, nani bado anamwamini mchungaji? Nimfanyeje mke huyu?

Mwanangu, pole kwa nyumba kukosa utulivu. Lakini barua yako nimeisoma mara mbili, na kuna mahali imenikwama kooni. Feri ni ya Likoni. Atokaye Kilindini kwenda Mikindani huvuka Makupa, akapita Changamwe, akafika kwake. Wewe feri unaipanda kwenda kwa nani? Jibu usiniandikie mimi. Kampe yule anayekungoja chakula kikipoa.

Umeutaja umri wa mchungaji, ukayataja na masomo yake, ila hukusema popote kwamba alilokwambia ni baya. Fundi wa gari wa miaka 22 akikwambia gari lataka oili, unamwuliza cheti? Unatoa pesa. Ndivyo zilivyo ndoa za siku hizi: mtu hutii msimamizi kazini, hutii daktari, lakini nyumbani kwake hataki kuambiwa na mtu. Zamani walikuwako wajomba, mashangazi na wazee wa mtaa, na wanandoa wakikosana waliitwa, wakaketishwa mkekani, wakasemezwa. Leo wazee hao tumewafukuza, na akibaki mchungaji peke yake twamhesabia miaka.

Fungua Wafalme wa Pili, sura ya 5. Naamani alikuwa jemadari wa jeshi la Shamu, mtu mkubwa, ila alikuwa na ukoma. Habari za nabii zilitoka kwa kijakazi, msichana mdogo aliyetekwa vitani. Jemadari akaja na farasi na magari yake mpaka mlangoni, na Elisha hata nje hakutoka. Alimtuma mjumbe tu: kaoge Yordani mara saba. Naamani akaghadhibika, ati mito ya Dameski si bora kuliko maji yote ya Israeli? Watumishi wake ndio waliomwuliza: nabii angekwambia jambo kubwa, usingelitenda? Akashuka mtoni, akajichovya mara saba, na ngozi yake ikarudi kama ya mtoto mdogo. Ya mtoto, mwanangu! Neno unalomsimangia mkeo ndilo uponyaji aliopewa jemadari.

Shakahola usiitumie kufichia mshahara. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu ule wa Kilifi, watoto wakiwemo, na sisi wa Pwani bado twalia. Kule watu walihimizwa wafunge hadi kufa, wao na watoto wao. Wewe umeambiwa ukale na wanao. Mchungaji akikutaka uache dawa, uuze shamba umletee fedha, au umfiche mkeo jambo, kimbia, na mimi nitakimbia nawe. Watu wa Beroya walimpokea Paulo kwa moyo wa kupenda, na bado kila siku waliyachunguza maandiko waone kama ni kweli. Basi chunguza na wewe. Ukipata andiko linalokukataza kula na mkeo, nitumie.

Mimi mwenyewe nilimnunia wifi yangu mwaka mzima. Mchungaji akanituma nikamwamkie. Nilikwenda huku nimevimba. Siku ya kwanza hata kiti hakunipa, nikarudi nikilia. Mara ya tatu alinipikia.

Mkeo usimfanye kitu. Yeye ameshika aliloambiwa, na mimi niko upande wake. Ukitoka kazini leo panda matatu ya Mikindani, shuka, nunua mkate dukani, uingie ndani watoto wangali macho. Hiyo ndiyo siku ya kwanza. Karatasi ya mshahara iwe mfukoni, na ile habari ya feri umweleze kabla hamjapiga magoti.