Sheria ya spamu Marekani, mbona imeili bado zinamiminika

Mkuu umeuliza inakuwaje Marekani wana sheria ya spamu toka 2003 na bado imeili za matangazo zinamiminika, jibu ni kwamba hiyo sheria yao, CAN-SPAM, aliyoisaini Bush Desemba 2003 ikaanza kazi Januari 2004, haijakataza kutuma hata kidogo. Inachotaka ni usidanganye jina la mtumaji wala kichwa cha ujumbe, uweke anwani yako ya posta, uweke na sehemu ya kujitoa, na mtu akijitoa una siku 10 za kazi kuacha kumsumbua. Kabla hajajitoa unamtumia tu bila kumuomba ruhusa, ndo maana waliokuwa wanaipinga wakaibatiza "ruksa kutuma spamu" na kusema ukweli jina limeikaa. Kibaya zaidi California walikuwa wameshapitisha ya kwao kali mwaka huohuo, ya kutaka ruhusa kwanza, ikazimwa na hii ya taifa kabla hata haijaanza kutumika!! Kanada wao toka 2014 ni ruhusa kwanza, Ulaya nao hivyohivyo kwa sehemu kubwa.

Halafu matapeli wenyewe sheria inawahusu nini, wanatuma kupitia kompyuta za watu zilizoingiwa na virusi, hiyo anwani ya posta utaiona wapi. Kinachotusaidia ni vichujio tu, yaani programu za kutenga spamu. Na usibonyeze "jitoe" kwenye imeili ya mtu usiyemjua, unamthibitishia kwamba upo, iweke kwenye folda ya spamu upite.