Maswali yenu: meza ya Sabato, sponji mbili na asali ya mtoto mchanga

Dada, Ijumaa kwangu ni vita. Nina watoto wa miaka minne na miwili, na nataka meza yetu ya Sabato ya Kiyahudi ipendeze kama zile za Instagram. Nianzie wapi? (Mama wa wawili, Nairobi)

Anza kwa kuacha kuziangalia. Meza hizo hupigwa picha jua likiwa bado juu, maana mishumaa ikishawashwa, nyumba inayoshika Sabato haigusi simu. Meza yako ni ya watu watakaoketi hapo wakala. Wapambie hao.

Sisi wa Nairobi jua limetupendelea. Wenzetu wa London huwasha mishumaa kabla ya saa kumi jioni mwezi wa Desemba, na Juni jua lao huzama saa tatu usiku na ushei. Hapa, saa ya kuwasha mishumaa, yaani dakika 18 kabla ya machweo, mwaka mzima inaangukia karibu na saa kumi na mbili jioni. Basi mtoto anaweza kushika ratiba: adhuhuri unga, saa kumi kuoga, saa kumi na moja nguo safi na hakuna tena kucheza udongoni.

Huyo wa miaka minne mpe unga wake asuke hala, mkate wa Sabato, ya mikia mitatu. Itatoka imepinda, upande mmoja mnene na mwingine umeungua kidogo. Iweke mezani hiyo hiyo, chini ya kitambaa, ubavuni mwa yako, kwani mikate inatakiwa miwili. Nimewaona akina mama wakiuacha mkate wa mtoto jikoni na kuweka wa dukani unaong'aa. Nawasihi msifanye hivyo. Talmud, kitabu cha mafundisho ya marabi wetu, inatufundisha kuzipamba amri, na inataja kibanda kizuri cha Sikukuu ya Vibanda na shofari nzuri, ile pembe ya kupulizwa. Mtoto ataujuaje uzuri huo kama kila kizuri kinanunuliwa kikiwa tayari? Wa miaka miwili achague maua.

Kitambaa cha meza kisining'inie, mishumaa ikae mbali na ukingo. Mtoto wa umri huo akiona pindo, atalivuta. Na hata chakula kikichelewa, baraka ya watoto isirukwe. Weka mkono kichwani, useme “Mungu akufanye kama Efraimu na kama Manase”, na kwa msichana, kama Sara, Rebeka, Raheli na Lea.

Hanuka si ndiyo Krismasi ya Wayahudi? Niwapelekee watoto wa jirani mti?

Hapana, na hapana. Nimelijibu swali hili mara nyingi mno. Hanuka inakumbuka kuwekwa wakfu upya kwa Hekalu la Yerusalemu, mwaka 164 KK. Kuangukia Desemba hakuifanyi Krismasi. Wapelekee matunda mazima, yasiyokatwa, na uwaombe wakufundishe kuchezesha pia, kile kidude chao cha kuzungusha chenye herufi nne.

Shangazi, mimi ni yaya katika nyumba ya Wayahudi. Mtoto wa miaka mitano alikula kuku mchana, saa tisa akalilia maziwa. Nimpe? Sponji nazo zinanichanganya.

Muulize mama yake, usikisie. Nyama na maziwa hatuvichanganyi, hata vyombo vyake ni mbalimbali. Baada ya nyama, kabla ya maziwa, wengi husubiri muda wa saa sita, wenye asili ya Ujerumani mara nyingi saa tatu, wa Uholanzi saa moja, na watoto wadogo hulegezewa. Ukikosea chombo, usikioshe kimyakimya ukakirudisha kabatini. Kiweke kando, useme.

Sasa nasema na waajiri. Dada huyu hakuzaliwa akiyajua haya. Sponji nyekundu kwa nyama na ya bluu kwa maziwa, utepe wa rangi hizo kwenye droo, na hata mtoto wa miaka mitatu ataelewa. Kumfokea yaya kwa sheria ambayo hukumweleza ni dhuluma, na watoto wanasikia.

Na wewe yaya, sukuma wiki iwe kazi yenu ya pamoja. Inua jani moja moja kwenye mwanga wa dirisha, geuza upande wa chini, watoto watafute vidukari kwenye mishipa. Wanaupenda mchezo huo kupita katuni. Kisha mtu mzima akague tena, kwa sababu mdudu haliwi.

Mwanangu ana miezi minane. Mwaka Mpya wa Kiyahudi nimlambishe tufaha na asali?

Asali, hapana, hata tone. Kabla ya mwaka mmoja inaweza kumletea mtoto sumu ya botulizimu, na bibi akisema “sisi tulilambishwa”, jibu linabaki hapana. Mpe tende iliyotolewa kokwa na kupondwa laini. Nayo ni ya meza ya Mwaka Mpya.

Mtoto aliyepata afikomani, kile kipande cha mkate usiotiwa chachu kinachofichwa usiku wa Pasaka, anataka zawadi ya simu.

Kitabu au mpira.

Purimu, sikukuu ya Malkia Esta, mwanangu anataka kuvaa kama simba. Vazi la dukani ni ghali. Nikope?

Usikope hata shilingi. Kipande cha kitenge cha manjano, manyoya ya sisali yashonwe kwenye kofia kuukuu, masharubu ya penseli ya nyusi. Mashono ya nyumbani yana faida nyingine: mtoto hukaa nawe wiki nzima akikusikiliza ukisimulia habari za Esta. Kinyago kisizibe macho, na sisali ikae mbali na jiko. Fedha iliyobaki itoe kwa maskini siku hiyo hiyo, mtoto mwenyewe akiikabidhi, maana hiyo ni amri ya Purimu na vazi ni desturi tu.