Ini au misuli? Kuisoma karatasi ya vipimo

SWALI: Asalaam aleikum daktari. Nina miaka 29, mchumaji karafuu. Nilibeba magunia kutwa nzima, kesho yake nikapimwa damu: AST 112, ALT 68, bilirubini 11, albumini 42. AST na ALT zimewekewa H. Sinywi pombe wala sijioni mgonjwa, ila mapaja yananiuma bado. Jirani kanambia ini limeoza, nianze dawa ya mizizi. Nifanye nini?
— Msomaji, Wete

JIBU: Waaleikum salaam. Mizizi iache kwanza. Baadhi ya dawa hizo huumiza ini zenyewe, na ukipima tena hatutojua kilichopandisha ni nini.

H maana yake namba imepita kiwango cha juu cha maabara hiyo. Kwa ALT na AST, maabara nyingi huweka karibu 40, lakini fuata kilichochapwa kwenye karatasi yako, si ya mwenzio.

ALT na AST ni vimeng'enya, yaani protini zinazofanya kazi ndani ya seli. Seli ikiumia, humwagika kwenye damu. Kwa hivyo vinasema kuna kilichoumia, havisemi kwamba ini limeshindwa kazi. Kazi yake huonekana zaidi kwenye albumini (protini inayotengenezwa na ini), bilirubini (rangi ya manjano ambayo ini huitoa mwilini) na INR, yaani kipimo cha kuganda kwa damu. Albumini yako imo ndani ya 35 hadi 50, na bilirubini haina neno.

Sasa itazame AST. ALT kwa wingi hutoka kwenye ini, lakini AST imejaa pia kwenye misuli na chembe nyekundu za damu. Yako ndiyo iliyoruka zaidi, tena baada ya magunia! Tunashuku misuli kabla ya ini. Hata damu iliyovutwa kwa nguvu kwenye bomba la sindano huweza kupasuka chembe na kupandisha AST. Uliza kama maji yanayobaki juu ya damu yalikuwa mekundu baada ya sampuli kuzungushwa kwenye mashine.

Maadamu mapaja bado yanauma, omba CK, kipimo cha misuli, leo au kesho. Ukichelewa itakuwa imeshashuka. Kisha usibebe mzigo wala kupanda mkarafuu siku 10, urudie AST na ALT. Huna haja ya kufunga. Ikiwa ni misuli, AST hutangulia kushuka, ALT hufuata taratibu.

Homa ya ini B na C pima vyovyote iwavyo, kwani B huweza kukaa mwilini miaka na vimeng'enya vikawa sawa. Ukimeza panadoli kwa maumivu, usipite vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, ukihesabu na iliyomo kwenye dawa za mafua.

Mkojo ukiwa mweusi kama kahawa, usingoje siku 10. Pamoja na macho ya manjano, huenda ni ini; pamoja na misuli kuuma sana, huenda misuli inavunjika na figo zimo hatarini. Nenda hospitali siku hiyohiyo.