Geuza weji yako utazame soli: maswali yenu kuhusu baunsi na graindi

Wiki hii karibu barua zenu zote za gofu ni za weji, na nimefurahi. Ndiyo fimbo inayopigwa karibu na grini, yaani zile nyasi fupi zenye shimo, mahali mikwaju mingi inapopotelea, lakini ndiyo fimbo watu wanayonunua kwa kutazama jina lililoandikwa mgongoni. Nilibeba mabegi ya wenzangu miaka mingi kabla sijaanza kufundisha. Mchezaji akinikabidhi weji, kabla sijaishika sawasawa naigeuza juu chini, maana habari yote ya fimbo ile iko kwenye soli, yaani upande wa chini wa kichwa chake.

Shikamoo mwalimu. Weji yangu imeandikwa 56.08 na ya rafiki yangu 56.14. Zote ni 56, mbona yake inateleza vizuri kwenye nyasi nzito na yangu inazama? (Msomaji, Area C, Dodoma)

Marahaba. Hiyo 56 ni lofti, yaani nyuzi za mlalo wa uso wa fimbo, na ndiyo inayoupandisha mpira juu. Namba ya pili ni baunsi. Simamisha fimbo kwenye sakafu ya saruji, mti wake, ile sehemu ndefu, ukiwa wima, uso ukitazama mbele. Inama utazame kwa pembeni. Utaona soli haikulala bapa: makali ya mbele yameinuka kidogo na kinachogusa sakafu ni sehemu iliyo nyuma yake. Pembe hiyo kati ya makali na mahali soli inapogusa chini ndiyo baunsi. Chukua kitambulisho chako cha NIDA ukisukume taratibu chini ya makali. Kwenye weji ya rafiki yako kitaingia ndani zaidi kuliko kwenye yako.

Ukitaka kuelewa kazi yake, mtazame fundi anayepiga plasta. Mwiko wake akiulaza ukingo wa mbele ukiwa umeinuka kidogo, unateleza juu ya ukuta. Akiuinamisha ukingo ule, unachimba plasta yote aliyokwisha kuipaka. Weji ni vivyo hivyo. Baunsi kubwa huisaidia fimbo kuteleza mahali palipo laini, baunsi ndogo huruhusu makali kuingia chini ya mpira mahali pagumu. Kwa kawaida nyuzi 4 hadi 6 huhesabiwa ndogo, 7 hadi 10 za wastani, na kuanzia 11 kwenda juu ni kubwa. Yako ni ya wastani na ya mwenzako ni kubwa, ndiyo maana kwenye nyasi nzito na udongo uliolowa anakushinda.

Mwalimu, hapa kwetu kuanzia Juni ardhi ni kama lami. Weji yangu ya baunsi 12 inadunda, naupiga mpira kiunoni unapita grini na kuendelea. Muuzaji ananiambia ninunue ya nyuzi 4 tatizo liishe. Nifuate ushauri wake? (Msomaji, Kisasa)

Muuzaji hajakosea yote, ila amejibu nusu ya swali. Alichokisahau ni mkono wako.

Nianze na ardhi. Dodoma tunapata mvua ya msimu mmoja, tangu Desemba hadi Aprili hivi, na kwa mwaka mzima ni kati ya milimita 500 na 600. Miezi mingine yote ni jua na upepo. Sisi tunaofanyia mazoezi kwenye viwanja visivyomwagiliwa, nyasi zikishakauka kinachobaki ni udongo mwekundu uliogandamana, juu yake vumbi la kichanga jembamba kama unga. Soli pana ya baunsi 12 ikitua hapo haina pa kuzama. Inagonga, inaruka, na makali yanaukuta mpira katikati. Hilo ndilo linalokutokea, na hapo ni kweli baunsi ndogo inasaidia.

Lakini wapo wachezaji wa aina mbili. Yupo anayeishusha fimbo kwa wima, mikono ikitangulia mbele ya mpira, na akipiga kwenye nyasi anaacha shimo kama bakuli. Na yupo anayefagia, fimbo inapita juu juu na nyasi zinakatwa tu kama zimenyolewa. Huyu wa pili nikimpa nyuzi 4 au 6 atafurahi kiangazi kizima. Yule wa kwanza akichukua nyuzi 4, mwezi wa saba atapiga vizuri, na siku mvua ya kwanza ikilowesha ardhi fimbo itazama hadi shingoni nyuma ya mpira. Halafu kumbuka hili: kila mikono inapotangulia mbele, baunsi inapungua. Ukiuegemeza mti mbele kwa nyuzi 5, ile baunsi ya 12 inabaki kama 7, na ile ya 4 inaisha kabisa na makali yanakuwa kisu. Kwa hiyo anayechimba anahitaji baunsi hata kwenye ardhi ngumu. Anachohitaji kupunguza ni upana wa soli.

Fanya jaribio hili kabla ya kutoa hela. Chukua kipande cha plaiwudi, ukilaze chini. Paka soli ya weji yako kwa kalamu ya maka, yote, kutoka makali hadi nyuma. Piga chipu, yaani mikwaju mifupi, kumi bila mpira, fimbo ikwaruze ubao tu, usitumie nguvu. Kisha geuza utazame wino umefutika wapi. Ukifutika karibu na makali, wewe ni mchimbaji. Ukifutika katikati au nyuma, wewe ni mfagiaji. Wiki iliyopita nilimfanyia hivi mama mmoja anayecheza nasi Jumamosi, mwenye weji ya baunsi 12 kama yako. Wino ulifutika mstari mwembamba kama uzi, sentimita nusu tu kutoka kwenye makali. Alikuwa ameshaweka pesa mfukoni kwenda kununua nyuzi 4. Nikamwazima yangu ya nyuzi 10 yenye soli nyembamba, iliyosagwa ukingo wa nyuma, na mpira wa tatu ukatua vizuri pale pale kwenye ardhi kavu. Mpaka sasa hajanirudishia, na sijamdai.

Kwako wewe, ikiwa wino utaonyesha unafagia, chukua nyuzi 6. Ukionyesha unachimba, tafuta 8 au 10 yenye soli nyembamba, na hiyo 12 usiiuze. Utaihitaji Januari.

Naona herufi kwenye weji: S, M, K, F. Kedi wangu, anayenibebea begi, anasema ni saizi. Ni kweli? (Msomaji, Nkuhungu)

Hapana, siyo saizi. Ni graindi, yaani namna soli ilivyosagwa kiwandani: wamepunguza chuma wapi na wameacha wapi. Na kila kampuni ina herufi zake, kwa hiyo S ya huku siyo S ya kule. Hizo ulizozitaja ni za weji za Vokey zinazotengenezwa na Titleist. Kwao F ni soli iliyoachwa karibu nzima, nzuri kwa anayepiga mkwaju kamili uso ukiwa umenyooka. S imesagwa ukingo wa nyuma. M imesagwa kisigino, ncha na nyuma, umbo lake kama mwezi mwandamo. K ni pana na mara nyingi yenye baunsi kubwa, rafiki wa benka, yaani shimo la mchanga.

Badala ya kukariri herufi, ilaze weji sakafuni na uifungue uso, yaani uuzungushe utazame kulia kama unatumia mkono wa kulia. Kama kisigino hakikusagwa, utaona makali yananyanyuka sana kutoka sakafuni. Kikiwa kimesagwa, makali yanabaki chini. Basi jiulize: mimi huwa nafungua uso nikiwa karibu na grini? Kama hufungui, usilipie chuma kilichoondolewa kwa ajili ya mtu anayefungua.

Je, ninahitaji weji ya 60? (Msomaji, Manyoni)

Kwa handikapu (namba ya kiwango chako) uliyonitajia, 24, bado. Pima kwanza pichi weji, ile inayokuja na seti yako. Za siku hizi nyingi zina lofti ya 44 au 45, kwa hiyo 50 na 56 zinakutosha kujaza pengo. Na begi lina mwisho wa fimbo 14.

Kaka mwalimu, tangu treni ya umeme ianze mwaka 2024 tunakwenda kucheza Morogoro na Lugalo, Dar es Salaam, mara kwa mara. Shida yangu ni benka. Huku nyumbani sina mchanga wa kujifunzia, nikifika kule naacha mpira mle mle mara mbili, tatu. Ninatumia weji ya baunsi 6, ndiyo inayonifaa Dodoma. (Msomaji, Ipagala)

Ndugu yangu, umeingia benka na fimbo inayozama. Kosa siyo lako peke yako, maana mchanga ndio uliofanya soli hii tunayoizungumza izaliwe.

Mmarekani Gene Sarazen alikuwa akihangaika na benka kama wewe. Fimbo za wakati ule zilikuwa na makali membamba, na mchanga ulizimeza. Mwenyewe alisimulia kwamba wazo lilimjia akiwa ndani ya ndege, alipoona mkia unashuka na pua inainuka. Akachukua risasi ya kulehemu, akaiongeza chini nyuma ya fimbo yake mpaka ukingo wa nyuma ukawa chini kuliko makali. Mwaka 1932 akashinda mashindano ya The Open kwenye uwanja wa Prince's, Uingereza, akiwa na fimbo hiyo. Nikiwa Dodoma mjini na ndege ikipaa juu ya nyumba zetu, huwa namkumbuka yule mtu na risasi yake ya kulehemu. Baunsi tunayoijua leo ilikuzwa hivyo, na mchezaji aliyechoka kuacha mpira mchangani.

Sasa wewe. Kwa mchanga laini na mwingi, chukua baunsi 12 au 14 yenye soli pana. Mchanga ukiwa umelowa na kushikamana baada ya mvua, au ukiwa mchache na chini yake kugumu, baunsi hiyo itadunda kama ilivyodunda ya yule mwenzako wa Kisasa, hapo nyuzi 8 hadi 10 ni bora. Utajua upi ni upi unapoingia: miguu itakuambia. Kanuni zinakuruhusu kusimama kwa kujikita vizuri, lakini usiuguse mchanga kwa fimbo kuupima.

Kama kwa sasa unayo hiyo ya 6 tu, fungua uso kabla hujashika mpini, siyo baada. Kufungua kunaongeza baunsi. Mikono isitangulie, mti ubaki wima. Lenga mchanga vidole vitatu nyuma ya mpira.

Na huku nyumbani mchanga upo! Nenda kwenye makorongo, mito yetu ikishakauka inaacha mchanga safi. Chora mstari kwa kidole, simama mstari ukiwa katikati ya miguu, piga bila mpira. Mchanga uanze kuruka kutoka kwenye mstari kwenda mbele. Ukianza nyuma ya mstari, uzito wako umebaki mguu wa nyuma. Mistari hamsini kwa jioni moja itakusaidia kuliko weji mpya.

Fundi wa kuchomelea mtaani kwetu ana grainda. Anaweza kunisagia soli ya weji ya zamani ipungue baunsi? (Msomaji, Chang'ombe)

Anaweza, na nimeona weji nzuri zilizosagwa na mafundi wetu. Ila chuma kikishaondoka hakirudi, kwa hiyo mpe fimbo ambayo hata ikiharibika hutalia. Simama naye mwenyewe. Mwekee alama kwa maka: kisigino na ukingo wa nyuma tu. Asiguse makali ya mbele, asiguse kabisa uso na mifereji yake, maana hapo unaweza kuwa na fimbo isiyoruhusiwa kwenye mashindano. Asage kidogo, aitumbukize kwenye maji ipoe, wewe uiweke sakafuni uipime kwa kile kitambulisho, kisha aendelee. Kichwa kitapungua uzito na utausikia mkononi. Mahali kromu ilipotoka patashika kutu, paka mafuta ya mashine kila ukimaliza kucheza. Na kazi yote iishe kabla ya siku ya mchezo, kwa sababu hairuhusiwi kuibadilisha fimbo kwa makusudi katikati ya raundi.

Ukishaisaga niletee niione. Jumamosi asubuhi nipo uwanjani kuanzia saa moja, na plaiwudi yangu ninayo.