Hospitali Ikishauzwa: Kwa Ninyi Mliojiunga Juzi na Kamati

Karibuni katika kazi hii ya wananchi ya kuifuatilia hospitali iliyouzwa. Wengi wenu mmekuja na hasira, na ina sababu zake. Yupo aliyempeleka mama yake idara ya dharura akalazwa kwenye korido mpaka kukapambazuka. Yupo ambaye daktari wake wa miaka mingi ameondoka bila hata kuaga. Siwaambii mpoe. Ila fahamuni kwamba kampuni kubwa inayonunua hospitali imeshaizoea hasira. Ina watu wanaolipwa kuipokea, kuijibu kwa taarifa ya mistari mitatu, kisha kusubiri ichoke yenyewe. Inayemwogopa ni mwananchi anayejua kifungu gani cha mkataba kinasema nini, tena mwenye orodha ya tarehe mkononi.

Basi anzeni na mkataba wa mauziano. Hapa Marekani, hospitali ya shirika lisilo la faida ikiuzwa kwa kampuni ya kibiashara, katika majimbo mengi Mwanasheria Mkuu wa jimbo huyapitia mauzo hayo, na aghalabu nyaraka zake hupatikana kwa anayeomba. Ni kurasa nyingi na zinachosha. Gawaneni, kila mtu asome sehemu yake, kisha mkutane. Tafuteni mambo matatu: huduma zipi zimeahidiwa kubaki, kwa miaka mingapi, na nani ana haki ya kwenda mahakamani ahadi ikivunjwa. Hilo la tatu watu hulisahau. Mara nyingi haki hiyo si yenu wananchi. Iko kwa Mwanasheria Mkuu, au kwa mfuko ulioanzishwa kwa fedha za mauzo, kwa hiyo kazi yenu inakuwa kumpa mwenye haki sababu ya kuitumia. Viambatisho vya mwisho navyo msiviruke, maana misamaha ya kampuni hukaa huko: "isipokuwa pale ambapo wafanyakazi wenye sifa hawapatikani", na mengine ya namna hiyo.

Kisa cha Asheville, North Carolina, kila mgeni wa kazi hii anapaswa kukijua. Mwaka 2019 kampuni ya HCA Healthcare, kubwa kuliko zote za hospitali za kibiashara nchini, iliinunua Mission Health, hospitali sita kwa jumla, kwa takriban dola bilioni 1.5. Josh Stein, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo, aliyakubali mauzo baada ya kudai masharti yakazwe, likiwemo la huduma muhimu kudumishwa kwa miaka 10. Desemba 2023 Stein huyo huyo akaishtaki kampuni, akidai kuwa huduma za dharura na za saratani hazitolewi kama ilivyoahidiwa. Sasa sikilizeni jibu la kampuni: mkataba hauna ahadi yoyote kuhusu ubora, uliahidi huduma ziwepo, nazo zipo.

Jibu hilo lisomeni mara mbili. Kwa hoja hiyo, mlango wa dharura ukiwa wazi na taa zikiwaka, ahadi imetimia, hata kama ndani muuguzi mmoja anakimbizana na wagonjwa wa kuwatosha wauguzi watatu. Ndiyo maana nasema swali la "huduma ipo au haipo?" waachieni wao. Letu ni kuuliza ipo kwa kiwango gani, na kiwango hakijulikani mpaka mtu akae ahesabu: saa za kusubiri, vitanda vilivyofungwa kwa kukosa wauguzi, wagonjwa waliohamishiwa mji mwingine kwa sababu mtaalamu hayupo tena.

Hesabu hizo zinahitaji pa kupelekwa, na hapa ndipo nitakapokaa zaidi, kwa sababu ndipo nilipoona watu wazuri wakipoteza nguvu bure. Hospitali karibu zote hupokea fedha za Medicare, bima ya afya ya serikali kuu ambayo hasa ni ya wazee, na ili zizipokee lazima zitimize masharti ya serikali hiyo. Wakaguzi wa jimbo ndio wanaofuatilia masharti hayo kwa niaba ya CMS, shirika linalosimamia Medicare. Mtu yeyote anaweza kuwapelekea malalamiko: mgonjwa, ndugu, mfanyakazi, hata jirani. Wakiona yana uzito wanakuja bila taarifa, wanafungua majalada, wanawahoji wauguzi mmoja mmoja.

Lakini wanafuata kilichoandikwa. Barua moja niliyowahi kusaidia kuirekebisha ilianza hivi: "Mlimtelekeza mama yangu, hospitali hii ni machinjio." Yalikuwa maumivu ya kweli, lakini mkaguzi hana pa kushika hapo. Tulikaa na binti yule, tukafungua ujumbe aliokuwa akimtumia kaka yake usiku ule, tukazitoa saa humo. Barua mpya ikasema: mgonjwa alifika 20:10 akilalamika maumivu ya kifua, alipimwa shinikizo la damu 20:25, nilikwenda dirishani kuuliza 21:30 na tena 22:45, nikaambiwa tusubiri, daktari alimwona mara ya kwanza 00:40. Ikataja na tarehe, alikokuwa amelazwa, na rangi ya sare ya aliyewajibu, kwa kuwa jina hawakulipata. Neno "machinjio" halikuhitajika tena. Barua ya namna hiyo mkaguzi anailinganisha na jalada dakika kwa dakika, na jalada likinyamaza pale barua inaposema, hilo peke yake ni jambo la kuandikwa. Andikeni saa kwa mtindo wa saa 24, kama majalada yao, msibabaishane. Na simu msizifute: ujumbe uliotumwa usiku ule una nguvu kuliko kumbukumbu ya miezi sita baadaye.

Matokeo ya ukaguzi huandikwa kwenye fomu namba 2567, na fomu hiyo ni ya umma. Iombeni. Majina ya wagonjwa hayamo, lakini matukio yamo, pamoja na mpango wa hospitali wa kujirekebisha. Huo mpango ni mali. Hospitali ikiandika kwamba kila mgonjwa wa dharura atapimwa upya kila baada ya muda fulani, imejiwekea yenyewe kipimo ambacho kwenye mkataba wa mauzo hakikuwepo. Asheville ilitokea hivyo hivyo. Wakaguzi walifika mwishoni mwa 2023, na Februari 2024 CMS ikaitangazia hospitali ya Mission kuwa wagonjwa wako katika hatari ya papo kwa papo, daraja la juu kabisa la makosa. Hospitali isiposahihisha mambo katika daraja hilo, malipo ya Medicare hukatwa, na sijui hospitali kubwa inayoweza kuishi bila malipo hayo. Walisahihisha haraka, hatari ikaondolewa mwezi ule ule. Yaliyokuwa yameshindikana miaka mitano yakawezekana ndani ya wiki chache.

Kama aliyefika dharura alifukuzwa, au alicheleweshwa kuchunguzwa ili kwanza aulizwe bima, msiichanganye habari yake na malalamiko mengine. Hiyo ina sheria yake, EMTALA ya 1986, inayotaka kila anayefika achunguzwe, na mwenye hali ya dharura atibiwe mpaka hali yake itulie, bila kujali uwezo wa kulipa. Ipelekeni peke yake.

Wauguzi. Bila wao mtakuwa mnabahatisha. Ndio wanaojua wodi ipi usiku ina watu wangapi. Wale wa Mission walipiga kura kuunda chama Septemba 2020, katikati ya janga la korona, katika jimbo ambalo vyama vya wafanyakazi ni adimu, na toka hapo jamii ikawa na mtu wa ndani anayeweza kusema hadharani. Kwenu huenda hakuna chama. Basi kutaneni nao nje ya hospitali, msiwatumie barua pepe ya kazini, na msiwaombe kamwe habari za mgonjwa fulani. Sheria ya faragha ya HIPAA inawabana wao, na ni njia rahisi ya kumpotezea mtu kazi. Mgonjwa mwenyewe yuko huru kusimulia yake, na ana haki ya kupata nakala ya jalada lake. Muuguzi mwulizeni idadi tu: leo ulikuwa na wagonjwa wangapi? Akisema saba kwenye wodi ya kawaida, linganisheni na California, ambako tangu 2004 sheria imeweka ukomo, na kwa wodi za namna hiyo ni watano kwa muuguzi mmoja. Mwandishi wa habari anaelewa ulinganisho huo kwa sekunde moja.

Jambo linalowaudhi wanakamati wapya ni hili: si kila ubaya ameuleta mnunuzi. Kule magharibi ya North Carolina, huduma ya kujifungua katika hospitali za Franklin na Spruce Pine ilifungwa 2017, Mission ikiwa bado shirika lisilo la faida. Ukisimama mkutanoni ukasema HCA ndiyo iliyoifunga, msemaji wao atakusahihisha kwa upole mbele ya kamera, na siku yenu yote imekwisha. Chukueni karatasi ndefu, pigeni mstari wa miaka, andikeni nini kilifungwa lini na nani alikuwa mwenye nyumba. Mstari huo hata rafiki zenu watauona mchungu, kwa sababu mara nyingine unaonyesha kwamba bodi ya zamani, ile tunayoililia, ndiyo iliyoanza kukata. Uonyesheni hivyo hivyo.

Takwimu za kitaifa zitumieni kwa uchache, na mjue mnazungumzia nini. Desemba 2023 jarida la kitabibu la JAMA lilichapisha utafiti uliolinganisha hospitali 51 zilizonunuliwa na kampuni za uwekezaji binafsi, zile zinazonunua biashara kwa fedha za wawekezaji wao nje ya soko la hisa, na nyingine 259 ambazo hazikununuliwa. Madhara yaliyowapata wagonjwa wakiwa wamelazwa, kama kuanguka na maambukizi ya damu yatokanayo na mirija inayoingizwa mshipani, yaliongezeka kwa takriban asilimia 25 katika zile zilizonunuliwa. Ni ushahidi mzito, lakini unahusu kampuni za uwekezaji binafsi. HCA hisa zake zinauzwa sokoni kwa kila mtu, haimo kwenye kundi hilo. Mjue mnunuzi wenu ni wa aina gani kabla ya kuinukuu namba.

Na aina hiyo ndiyo inayoamua mwangalie wapi. Kama ni kampuni ya uwekezaji, nendeni kwenye daftari la ardhi la kaunti mkaulize swali moja: jengo ni la nani? Massachusetts ilijifunza hili kwa gharama kubwa. Kampuni ya uwekezaji ya Cerberus ilinunua hospitali za Caritas Christi 2010 ikaziita Steward. Mwaka 2016 Steward iliuza majengo kwa kampuni ya kumiliki majengo ya Medical Properties Trust, katika mpango wa dola bilioni 1.25, ikawa mpangaji anayedaiwa kodi ndani ya hospitali zake yenyewe. Mei 2024 ikaomba ulinzi wa kufilisika. Hospitali za Carney na Nashoba Valley zikafungwa Agosti 31, 2024, kama mwezi mmoja tu baada ya kutangazwa, ingawa kanuni za jimbo zinataka taarifa ya siku 120. Wananchi waliandamana, na jimbo likasema halina nguvu ya kuzuia. Sheria ya kubana upangishaji wa namna ile ilisainiwa Januari 2025. Mauzo ya majengo yalikuwa kwenye kumbukumbu miaka minane yote hiyo, wachache mno walikuwa wakiyasoma kwa sauti.

Kama mna mfuatiliaji huru aliyewekwa na mkataba, mheshimuni ila msimtegemee kwa kila kitu. Anapima ahadi zilizoandikwa, basi. Akiitisha kikao cha wananchi, pangeni wasemaji mapema, kila mmoja na jambo moja, dakika mbili, karatasi mkononi ya kumwachia. Aliyefiwa asisukumwe kusema. Akitaka, asemee mwisho, na awepo mtu wa kurudi naye nyumbani.

Mwisho, angalieni tarehe ya kuisha ahadi. Hospitali za Detroit Medical Center zilinunuliwa na kampuni ya Vanguard mwanzoni mwa 2011 kwa ahadi ya kuwekeza dola milioni 850, na 2013 Vanguard yenyewe ikanunuliwa na Tenet. Aliyeahidi anaweza kuuzwa. Ahadi za miaka 10 za Asheville zinafika ukingoni 2029, na kwenu itakuwa mwaka mwingine. Hesabuni miaka iliyobaki. Ikiwa ni mitatu au pungufu, wabunge wenu wa jimbo ndio wa kuwaona mwaka huu, mkiwa na fomu za 2567, mstari wa miaka na idadi za wodini, mkadai sheria itakayosimama hata mkataba ukiisha: ukomo wa wagonjwa kwa muuguzi, na idhini ya jimbo kabla ya huduma yoyote ya dharura au ya uzazi kufungwa.